Msoma Mita

Saa kumi na mbili na nusu, Julai.
Baridi ya Dodoma haina adabu:
hupiga hodi ikiwa imeshaingia.
Navaa koti la mtumba, lenye manyoya shingoni,
lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine.
Mfukoni mwake, tangu siku nililolinunua Sabasaba,
mna tiketi ya basi ya mji ambao jina lake silimudu.
Sijaitupa.
Tunazunguka nayo Nkuhungu yote.

Kazi yangu ni kuinama.
Nafunua kifuniko cha chuma, nafuta vumbi kwa kidole gumba,
na chini ya kioo namba zinaamka
kama watoto walioitwa shule:
sifuri, sifuri, nne, moja, saba.
Kuna raha hapo, ndogo, sijaweza kumweleza mtu:
ile saba inapoanza kupanda kuwa nane
nami nipo, shahidi peke yangu,
na mwenye nyumba yuko ndani, ananawa uso tu.

Kwa Mama Ndahani, ndani ya sanduku la mita,
anaishi chura. Mwaka wa tatu sasa.
Nje ardhi imepasuka kama kisigino,
yeye kajipatia tone lake kwenye nati inayovuja.
Taratibu zinanitaka niripoti uvujaji.
Nimeandika: *Mita iko salama.*
Iko salama. Muulizeni chura.

Mbwa wa geti la bluu ananichukia kwa bidii,
kila mwezi, tarehe ileile, bila likizo.
Namheshimu. Ni mtumishi mwenzangu.

Halafu Bwana Chiduo, mstaafu wa reli,
anayeisoma bili kwa mkono ulionyooka
kana kwamba inanuka:
"Yuniti kumi na mbili! Nani kazinywa humu ndani?
Mimi na mke wangu tuna umri wa chai ya kikombe nusu!"
Nyuma yake mzabibu, kijani peke yake mtaa mzima,
umenyamaza kama mtoto aliyelamba sukari.
Tunautazama wote wawili.
Hakuna anayeutaja.
Nikiondoka ananishindilia kishada kwenye begi,
bado chachu, za kukunja uso,
nami nazila njia nzima mpaka Chadulu
uso umekunjwa, moyo haujakunjwa.

Nyumbani nakaa kizingitini, navua buti.
Vidole vinatoka kimoja kimoja
kama wafungwa waliosikia msamaha wasiuamini.
Jikoni Sechelela anapekecha mlenda,
upekecho unazungumza na chungu maneno ya haraka,
na harufu ya karanga inanifikia kabla ya salamu.
"Mbukwenyi," nasema, kwa utani, jioni hii,
salamu ya asubuhi.
"Umechelewa saa kumi na mbili," ananijibu,
hageuki, lakini mgongo wake unacheka.

Ijumaa ni zamu yetu ya maji.
Tunalala bomba likiwa wazi, ndoo tupu chini yake:
hiyo ndiyo saa yetu ya kutuamsha.
Saa tisa usiku linakohoa.
Linatema upepo, linagombana na nani sijui huko chini,
kisha kimya, kisha
yale makofi ya kwanza kwenye plastiki.

Hatuwashi taa.
Sechelela anajaza madumu kwa masikio:
sauti inaanza nene, tumboni,
inapanda, inapanda, inakuwa nyembamba kama swali,
"Limejaa," anasema, na halijawahi kumwagika.

Mimi natoka nje na shuka begani, tochi ya simu mkononi,
nainama kwenye mita yangu mwenyewe.
Kimshale chekundu kinakimbia. Hela yangu inakimbia.
Mwezi ujao nitajiandikia bili
na labda nitabishana.
Baridi inanishika vifundo vya miguu na sijali.

"Unasoma au unasali?" ananiita kutoka ndani.

Sikumjibu kwanza.
Namba ya mwisho ilikuwa inageuka.